Alan Blumlein: Msee aliyekupa sauti ya kushoto na kulia, akadedi kabla dunia haijaiskia

Panda nganya ya Rongai jioni, kaa katikati, funga macho. Gitaa inakujia na upande wa kushoto, kayamba na upande wa kulia, na msanii mwenyewe amesimama hapo kati kama abiria aliyelipa nauli. Ukifika keja uvae hedifoni, hiyo stori inanoga hata zaidi. Ngoma ikibamba tunajua nani aliimba, nani alitengeneza biti, na nani aliachwa na nani ndio ikaandikwa. Lakini yule msee aliyefikiria kwamba sauti inaweza kuwa na kushoto na kulia, wengi wetu hatujawahi skia hata jina lake.

Anaitwa Alan Dower Blumlein. Alikuwa injinia wa London, mpenzi wa muziki, baba ya vijana wawili. Alikufa 1942 akiwa na miaka 38, na gava yake ikafungia habari ya kifo chake. Ndio maana ukiuliza watu kumi mtaani nani alileta sterio, tisa watakutajia kampuni, na wa kumi atakuuliza unauza spika ama aje.

Alizaliwa tarehe 29 Juni 1903, Hampstead, London. Mbuyu wake, Semmy Blumlein, alikuwa injinia wa migodi, mzaliwa wa Ujerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyechukua uraia wa Uingereza. Mathe, Jessie Dower, alikuwa binti ya mmishonari Mskoti aliyefanya kazi Afrika Kusini. Hilo jina la katikati ametoa kwa huyo guka.

Akiwa na miaka saba hivi, kengele ya mlango wao iliharibika. Kijana akaitengeneza. Alafu akaketi chini akamwandikia mbuyu wake risiti ya kazi, na kwa sahihi akajiita injinia wa umeme. Miaka saba! Wengi wetu kwa hiyo umri tulikuwa tunafungua redio ya nyumba kuona watu wenye wanaongea ndani, alafu tunachapwa.

Sasa hapa ndipo stori inakuwa ngumu kidogo. Huyu mtoto wa risiti alikuwa hawezi kusoma vizuri. Dadake alikuja kueleza baadaye kwamba Alan alifika miaka 12 kabla kusoma kumkalie sawa. Hesabu zilikuwa zinaingia bila shida, lakini maandishi yalikuwa vita. Kama ungemwona darasani ungesema huyu ataishia kubeba mawe. Hakuishia hapo. Alipita Highgate School, akapata ufadhili wa kuingia City and Guilds, chuo cha uinjinia kule South Kensington, na 1923 akatoka na digrii ya daraja la kwanza.

Job yake ya maana ya kwanza ilikuwa kwa kampuni ya simu, 1924. Hizo siku laini ndefu za simu zilikuwa na ugonjwa mmoja: unaongea na mtu wako, alafu unaskia wasee wengine kabisa wanapanga maisha yao kwa laini ya kando. Sauti zilikuwa zinavuja kutoka waya moja hadi nyingine. Blumlein alikuwa mmoja wa vichwa waliopunguza hiyo kuvuja. Ni kazi isiyo na glamour yoyote. Lakini ilimfunza kitu kimoja ambacho kinarudi katika kila alichofanya baadaye: jinsi waya mbili zinaweza kubeba kitu moja, na jinsi ya kutoa tofauti kati yao.

Mwaka wa 1929 akahamia Columbia, kampuni ya santuri. Bosi wake hapo alikuwa Isaac Shoenberg, mzaliwa wa Urusi, injinia ambaye pia alikuwa na wazimu wa muziki. Hapo Blumlein alikuwa amefika nyumbani. Alipenda muziki maisha yake yote. Alijaribu kujifunza piano, ikamshinda, akaachana nayo. Kwa hivyo kama umewahi kununua gitaa ukaiweka kona ya nyumba ikakuwa ya kuanika nguo, jua uko na mwenzako.

Shida ya Columbia ilikuwa ya doo. Kukata santuri kwa umeme wakati huo kulitegemea mtambo wa Wamarekani, na wenye patenti walikuwa wanataka mrabaha. Shoenberg akampa Blumlein kazi: tafuta njia nyingine. Yeye na mafundi wenzake wakaunda mtambo wao wa kukata santuri na maikrofoni yao pia, vyote vikifanya kazi kwa njia tofauti na zile patenti. Na vilitoa sauti safi. Hiyo kazi peke yake ingetosha kumfanya mtu atembee kifua mbele hadi uzeeni. 1931 Columbia na kampuni ya HMV zikaungana zikawa EMI, na Blumlein akajikuta kwa jengo la utafiti kule Hayes, magharibi mwa London.

Huo mwaka wa 1931 ndio alienda muvi na dem yake.

Dem alikuwa Doreen Lane, mwalimu wa shule ya watoto. Walikuwa hawajaoana bado. Muvi zenye sauti zilikuwa kitu mpya mjini na kila mtu alikuwa anazichangamkia. Lakini Blumlein ameketi hapo gizani, badala ya kushikana mikono kama watu wa kawaida, anasumbuka. Mwigizaji yuko upande huu wa skrini, sauti inatoka upande ule. Msee anatembea kutoka kushoto kwenda kulia, sauti haitembei naye, imebaki tu mahali spika imewekwa. Ni kama kuongea na mtu na mdomo wake uko kwa chumba kingine. Kila mtu ndani ya hiyo sinema alikuwa anaskia hivyo hivyo, na hakuna aliyejali. Yeye akamgeukia Doreen akamwambia kwamba ana njia ya kufanya sauti ifuate mtu.

Doreen lazima alikuwa mvumilivu. Waliendelea kudate na wakaoana 1933.

Kitu alichokielewa Blumlein ni jinsi kichwa chako kinavyofanya kazi. Una masikio mawili, na kuna nafasi kati yao. Pikipiki ikipita upande wako wa kulia, sauti inafika sikio la kulia kwanza, alafu sekunde ndogo sana baadaye inafika la kushoto, ikiwa imepungua kidogo. Ubongo unachukua hiyo tofauti unapiga hesabu: pikipiki iko kulia. Hufikirii, unajua tu. Kwa hivyo ukitaka kumdanganya mtu kwamba kuna mwimbaji pale kati ya spika mbili, lazima umpe hiyo tofauti, lakini umpe kwa njia ambayo spika zinaweza kuitoa. Yeye alifanya hesabu ya jinsi ya kugeuza zile tofauti ndogo za muda zikuwe tofauti za nguvu kati ya spika mbili. Alipendekeza pia maikrofoni mbili ziwekwe mahali pamoja, kila moja ikiangalia upande wake. Hadi leo kuna mafundi wa studio wanaopanga maikrofoni mbili zikielekea pande tofauti kwa nyuzi 90, na mpangilio huo unaitwa jina lake.

Alafu kukaja swali ambalo lingewasumbua wengi: hizo sauti mbili utaziweka wapi kwa santuri? Santuri ina mfereji mmoja na sindano moja. Jibu lake ndilo lenye mimi binafsi napenda kuliko yote. Ule mfereji una kuta mbili. Akasema, sauti ya kushoto iende kwa ukuta mmoja, ya kulia kwa ukuta mwingine, kila ukuta umeinama nyuzi 45. Sindano ni moja, inapita mara moja, lakini inasoma kuta zote mbili. Kama uko na santuri ya sterio ya guka wako hapo nyumbani, hiyo ndiyo siri iko ndani yake.

Tarehe 14 Desemba 1931 akapeleka ombi la patenti. Ilipokubaliwa ilipewa namba 394,325, na ndani yake kulikuwa na madai 70. Maikrofoni, santuri, muvi, spika, karibu kila kitu. Alikuwa na miaka 28. Tuseme ukweli pia, wasee wa Bell Labs kule Marekani walikuwa wanatafuta kitu karibu na hicho miaka hiyo hiyo, kwa hivyo sio ati alikuwa peke yake duniani. Lakini kuweka mambo yote pamoja kwa karatasi moja kiasi hicho, hiyo ilikuwa yake.

Majaribio yalifanywa Hayes. Kuna filamu fupi walizoshuti wakijaribu sauti ifuate picha. Kwa moja, watu wanatembea kwa jukwaa wakiongea, upande huu hadi ule. Hakuna stori, hakuna mapenzi, hakuna bunduki, ni watu wanatembea tu. Januari 1934 wakabeba vifaa hadi studio za Abbey Road, London, zile zile Beatles walikuja kurekodi baadaye. Sir Thomas Beecham alikuwa hapo na okestra yake ya London Philharmonic wakipiga simfonia ya Mozart inayoitwa Jupiter. Blumlein na mbogi yake wakarekodi kwa sterio. Hizo rekodi zipo hadi leo.

Utadhani baada ya hapo ilikuwa ni kuomoka tu. Wapi. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, watu hawakuwa na pesa ya kununua gramafoni ya kawaida, sembuse ya spika mbili. EMI ikaona hakuna biashara, ikaweka sterio kwa droo. Blumlein akahamishwa kwa mradi mwingine uliokuwa moto wakati huo, televisheni.

Hapo napita haraka, ingawa mtu mwingine angeandika kitabu. Kikosi cha Shoenberg kiliunda mfumo wa TV wa mistari 405, wote ukiwa wa kielektroniki. John Logie Baird alikuwa na wake uliotegemea vyuma vinavyozunguka. BBC ilianza kurusha matangazo kutoka Alexandra Palace tarehe 2 Novemba 1936 ikitumia mifumo yote miwili kwa zamu, na mapema 1937 wa Baird ukatupwa nje. Mei mwaka huo Mfalme George wa Sita alipotawazwa, msafara wake ukaonyeshwa kwa TV live, picha zikipita kwa kebo ndani ya London ambayo Blumlein alikuwa amehusika kuisuka. Saketi nyingi za ndani ya ule mfumo ni za mkono wake.

Kwa jumla aliacha patenti 128. Alifanya kazi kama miaka 18 tu. Piga hesabu mwenyewe: ni kama moja kila chini ya miezi miwili, na hapo umetoa wakati wa kulala.

Na huyu hakuwa yule msee wa kujifungia maabara na kusahau kuoga. Alikuwa na leseni ya kuendesha ndege, alikuwa anapaa na ndege ndogo za klabu kule Stag Lane. Alipenda farasi. Treni ndizo zilikuwa zinamchizisha kabisa. Kuna siku alienda kituo cha Paddington akapitisha masaa kadhaa kwa kibanda cha ishara, akimsaidia mwenye kazi kuingiza na kutoa treni. Siku nyingine, kule Cornwall, alimshawishi dere wa basi amwachie usukani, na akaendesha basi kutoka Penzance hadi Land's End. Sijui abiria walisema nini. Hapa kwetu hiyo ingekuwa imefika TikTok kabla basi ifike steji.

Nyumbani kwao kulikuwa Ealing, barabara ya The Ridings. Yeye, Doreen, na vijana wawili. Na hapo ndipo vita ikawapata.

Vita ya pili ya dunia ilipoanza 1939, TV ya Uingereza ikazimwa, na vichwa vyote vya EMI vikahamishiwa kazi ya jeshi. Kazi ilikuwa rada. Si ile ya kuulizana rada ni gani, rada yenyewe, ile ya kutuma mawimbi na kusoma yanaporudi. Blumlein aliingia nayo kama alivyoingia na kila kitu. Mradi mkubwa uliokuja kumpata uliitwa H2S, kifaa cha kuwekwa chini ya ndege ya mabomu ili kichore ramani ya ardhi kwa skrini, hata kama ni usiku na mawingu yamefunga.

Nitasema hili bila kulizunguka. H2S ilisaidia mabomu kushuka juu ya miji yenye watu ndani. Hiyo ilikuwa vita, na upande wa pili ulikuwa unafanya hivyo hivyo, lakini sitaki kuandika hapa kama vile ilikuwa spika mpya.

Jumapili tarehe 7 Juni 1942, ndege aina ya Halifax, namba V9977, ilipaa kutoka uwanja wa jeshi wa Defford ikiwa imebeba H2S ya majaribio. Ndani kulikuwa na watu 11, wanajeshi wa anga na wanasayansi. EMI ilikuwa na watatu: Blumlein, Cecil Browne na Frank Blythen. Walikuwa wameenda kuona kifaa chao kikifanya kazi huko juu, si kwa meza. Mtu angeweza kubaki chini akasubiri ripoti. Yeye alipenda ndege, na alipenda kuona kitu na macho yake.

Injini moja ya kulia ikashika moto. Wakajaribu kuuzima, ukakataa. Rubani akatafuta mahali pa kutua, lakini moto ukala bawa, ndege ikapinduka ikiwa karibu na ardhi, ikaanguka shambani karibu na Welsh Bicknor, kando ya mto Wye. Hakuna aliyepona.

Uchunguzi ulipofanywa, walirudi hadi kwa nati. Nati moja ya tapeti ambayo fundi hakuikaza vizuri alipokagua injini masaa machache kabla. Ikalegea polepole huko angani, valvu ikagongana na pistoni, ikakatika, mafuta yakawaka mahali yasipofaa. Ukiuliza fundi yeyote wa Grogan atakueleza hiyo stori hata kabla umalize swali. Zilibaki siku 22 Blumlein afikishe miaka 39.

Sasa fikiria Doreen. Bwanake amekufa, watoto ni wadogo, na hawezi kulia kwa sauti. Habari ilifungiwa kabisa. Serikali ya Churchill haikutaka Wajerumani wajue kwamba kikosi cha H2S kimepoteza vichwa vyake, kwa hivyo familia zote zikaambiwa zinyamaze. Msiba bila tangazo. Majirani wanakuona, wanajua kuna kitu, huwezi kuwaambia ni nini. Sisi tunaotangaza matanga hadi kwa redio na kuchangisha kwa WhatsApp, ni ngumu hata kuelewa nyumba hiyo ilikuwa inaskika aje jioni.

Kazi iliendelea bila yeye. Januari 1943 H2S ilianza kutumika vitani, miezi saba na kitu baada ya ajali. Vita ikaisha 1945. Siri ya rada ikaanza kulegezwa, lakini jina lake likabaki chini. Hakuwa amependa kuandika makala za kitaalamu, kazi yake ilikaa ndani ya patenti, na patenti hakuna mtu husoma kwa raha.

1958 santuri za sterio zikaingia madukani. Kuta mbili, nyuzi 45 kila moja. Patenti yake ilikuwa imeshapitwa na muda. Watu wakabeba nyumbani, wakaweka spika mbili sebuleni, wakaita marafiki waje waskie. Matarumbeta huku, piano kule. Ilikuwa ni miaka 27 tangu ile siku ya sinema na Doreen, na miaka 16 tangu Welsh Bicknor.

Heshima zilikuja kwa mwendo wa konokono. 1977 ile nyumba ya Ealing ikawekwa kibao cha buluu chenye jina lake. Kitabu kizima kuhusu maisha yake kilitoka 1999. 2015 Abbey Road ikawekwa kibao cha kukumbuka uvumbuzi wake. Na 2017 watu wa Grammy wakampa tuzo yao ya kiufundi, miaka 75 tangu ndege ianguke.

Kama uko na bando za kutosha usiku wa leo, kati ya zile filamu za majaribio kuna moja ya 1935 yenye treni kwenye kituo cha Hayes, imeshutiwa kutoka jengo la EMI. Ni dakika chache tu na picha ni chafu. Vaa hedifoni. Treni inaingia upande mmoja, inapita mbele yako, inatokea upande ule mwingine, na mlio wake unaenda nayo.